Ushuru wa Q

Tarehe 8 Desemba 1995, Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipigwa na kiharusi. Alipozinduka wiki kadhaa baadaye, akili yake ilikuwa timamu lakini mwili ulikuwa umefungwa. Hakuweza kusema wala kuinua mkono. Karibu kitu pekee kilichobaki chini ya amri yake kilikuwa kope la jicho la kushoto. Katika hospitali ya mji wa pwani wa Berck-sur-Mer, Claude Mendibil alikaa kando ya kitanda chake akimsomea herufi, moja baada ya nyingine. Ikitajwa anayoitaka, Bauby anapepesa. Inaandikwa. Wanaanza upya. Hivyo ndivyo kilivyotungwa kitabu kizima, kilichotoka Machi 1997, siku chache kabla ya mwandishi wake kufariki.

Wengi wanaosimulia kisa hiki husimama kwenye ushujaa, na wana haki. Mimi hunasa kwenye jambo dogo zaidi: mpangilio wa zile herufi. Mendibil hakuwa akisoma A, B, C. Alisoma orodha iliyopangwa kwa kufuata wingi wa matumizi ya herufi katika Kifaransa. E ya kwanza, S ya pili, A ya tatu, na kuendelea hivyo mpaka mwisho kabisa, ambako zimerundikwa zile ambazo Mfaransa hazihitaji sana. Mbili za mwisho ni K na W.

Sasa jaribu kuandika "kwa" kwa orodha hiyo. K ni ya 25, W ni ya 26, A ni ya 3. Unasubiri hatua 54 upate neno ambalo sisi hatumalizi sentensi mbili bila kulitumia. Mfaransa akitaka kusema "et", yaani "na", anapata kwa hatua 8. Orodha ile haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa imetengenezwa kwa upendo na ilifanya kazi yake. Ila ilikuwa imeshaamua, kabla mgonjwa hajapepesa hata mara moja, kwamba anayelala pale ni Mfaransa.

Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa namna za kuandika kwenye vifaa visivyo na kibodi kamili: simu za vitufe, saa, rimoti, ubao wa mgonjwa. Nikiulizwa kwenye daladala nasema "mambo ya kompyuta" yaishe. Ukweli ni kwamba siku nyingi ninashughulika na historia ya ubashiri. Vitufe ni vichache kuliko herufi, kwa hiyo mbunifu analazimika kubashiri utataka kusema nini. Anachodhani utakihitaji anakisogeza karibu, na asichodhani anakitupa mbali. Mchezo huu ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, alipotaka kugawa nukta na vistari vya telegrafu alikwenda kwa wachapaji wa gazeti huko Morristown, New Jersey, akahesabu herufi za risasi walizokuwa nazo kwenye visanduku vyao. E zilikuwa nyingi kuliko zote, basi E ikapewa nukta moja. Mchapaji wa Kiswahili angekuwa na kisanduku kilichojaa A.

Simu ya mezani haikuwa na haja ya herufi hata kidogo, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia. Mwanzoni mwa karne ya 20, namba za simu katika miji mikubwa ya Marekani zilianza na jina la kituo cha simu, kwa kuwa watu waliaminika kukumbuka jina kuliko tarakimu. Mwaka 1917, W. G. Blauvelt wa kampuni ya AT&T alipendekeza herufi ziandikwe kando ya tarakimu kwenye kile kisahani cha kuzungusha. Tarakimu 1 haikupewa herufi, na 0 ilikuwa ya kumwita opereta. Zikabaki 8, kila moja ibebe herufi 3. Nane mara tatu ni 24, na herufi za Kiingereza ni 26. Mbili zikaachwa nje: Q na Z.

Simama kidogo kwenye tarakimu 7. Ilibeba P, R, S. Q iliyopaswa kukaa kati ya P na R haikuwepo. S ilikuwa ya tatu.

Novemba 18, 1963, Bell walizindua simu za kubonyeza katika miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Kabla ya hapo watafiti wao walikuwa wamejaribu mipangilio mingi ya vitufe, na ripoti ya R. L. Deininger ya mwaka 1960 bado inasomeka vizuri: vitufe viwe vya ukubwa gani, vikae safu ngapi, vibonyee kwa kina gani. Ni kazi ya makini mno, na yote ilikuwa kwa ajili ya kupiga namba. Hakuna aliyekuwa akifikiria kwamba siku moja mtu ataandika barua ya mapenzi kwa kutumia kitu kile. Herufi zilihamishwa tu kutoka kwenye kisahani, kama mtu anavyohama na picha ukutani.

Baadaye Q na Z zikarudishwa. Kiwango cha kimataifa cha ITU kikaweka Q kwenye 7 na Z kwenye 9, kila herufi mahali pake pa alfabeti. P, Q, R, S. Kwa kuingia Q, S ikasukumwa kutoka nafasi ya tatu hadi ya nne.

Kiswahili sanifu hakina Q. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilirithi tahajia ya Kilatini ambamo Q na X hazikuwa na kazi, na C haitembei bila H. Hata hivyo, kila aliyeandika "sasa" kwenye kitochi chake alibonyeza 7 mara nne kwa kila S, na mara moja kati ya hizo nne ilikuwa ya kuruka herufi isiyo ya kwake. Mimi huita hiyo ushuru wa Q. Waingereza nao waliulipa, lakini wao angalau Q yao wanaitumia.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Neil Papworth akimtakia Richard Jarvis wa Vodafone Krismasi njema. Aliuandika kwenye kompyuta. Simu ya Jarvis iliweza kuupokea tu. Ukomo wa herufi 160 ulikuwa umewekwa miaka saba kabla na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyekaa nyumbani kwake Bonn akichapa sentensi za kawaida kwa taipureta na kuzihesabu, akaona 160 zinatosha. Zilitosha kwa alfabeti ya Kilatini. Ukiandika kwa hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo Kiswahili kilichoandikwa kwa karne kadhaa kabla ya wamishonari, ukomo unashuka hadi herufi 70. Hati ya mababu ingekugharimu zaidi ya mara mbili ya vocha.

Vitochi vilipoenea kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila mtu akawa mhasibu wa vidole. Nimefanya hesabu hizi mara nyingi, naziona tamu. "Shikamoo" ni mibonyezo 19. "Nakupenda" ni 14, rahisi kuliko salamu, jambo ambalo labda linaeleza mengi. "Mno" ni maajabu: M, N na O zote zimo kwenye kitufe cha 6, kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo unabonyeza mara moja, unasubiri, mara mbili, unasubiri, mara tatu. Usiposubiri unapata kitu kingine kabisa. "Baba" nayo inakaa nzima kwenye kitufe cha 2.

Kwa haki, hatukuonewa kila mahali. A, herufi inayotawala Kiswahili, ni mbonyezo mmoja. M na W pia. Ilikuwa bahati ya alfabeti, hakuna aliyetukusudia mema wala mabaya.

Lakini S ni 4 na I ni 3. Angalia basi vijana walifanya nini. "Sasa" ni mibonyezo 10. "Xaxa" ni 6. "Sijui" ni 13. "Cjui" ni 9. X, ambayo Kiswahili haikuitaka, imekaa ya pili kwenye kitufe cha 9, haina kazi, bei nafuu. Wakaiajiri. Walimu walilalamika kwamba lugha inaharibika, magazeti yakaandika, wazazi wakatikisa vichwa. Mimi nikiitazama "xaxa" naona watu waliosoma bei ya kila herufi kwenye kifaa walichopewa wakahamia sokoni kwenye unafuu. Mtu atasema ni mbwembwe tu, na ni kweli mbwembwe zilikuwemo: "2onane" haipunguzi mibonyezo kama unapitia A, B na C mpaka ufike kwenye 2, inapunguza nafasi katika zile 160. Na leo, kwenye kioo ambako S na X kila moja ni mguso mmoja, "xaxa" bado ipo. Ushuru ulifutwa, njia ya panya ikabaki.

Wakati huohuo kulikuwa na suluhisho, na lilitoka karibu sana na kitanda cha Bauby.

Cliff Kushler alikuwa mhandisi wa vifaa vya mawasiliano kwa watu wasioweza kusema. Martin King alikuwa akishughulika na vifaa vya kuandika kwa kufuata mwelekeo wa macho. Tatizo lao lilikuwa hili: kifaa kinaweza kutambua kwa uhakika pande chache tu ambazo jicho linatazama, na herufi ni 26. Basi kila upande ubebe herufi kadhaa, mtu atazame pande kwa mfuatano, halafu kompyuta ibashiri ni neno gani. Kutoka pande chache za macho hadi vitufe vichache vya simu ni hatua fupi. Pamoja na Dale Grover waliomba hataza mwaka 1995, wakaipata 1998. Kampuni yao ya Seattle iliitwa Tegic, na mfumo wao T9, maana yake maandishi kwa vitufe 9. AOL waliinunua kampuni mwaka 1999, mwaka ambao Nokia 3210 ilitoka na T9 ndani yake. Mwaka 2007 Nuance waliinunua tena kwa dola milioni 265. (Kushler hakukaa kimya, pamoja na Randy Marsden, naye mtu wa vifaa vya walemavu, alibuni Swype, ile ya kuburuza kidole juu ya kioo. Kila ninapoona kijana anaandika kwa mkono mmoja huku ameshika bomba la daladala, nakumbuka njia hizi zilianzia kwa watu wasio na hata mkono mmoja wa kutumia.)

T9 inataka mbonyezo mmoja kwa kila herufi. Unabonyeza 4663 na yenyewe inatafuta kwenye kamusi yake: je, ni "home", "good" au "gone"? Inakupa lile linalotumika zaidi. Kwa Kiingereza ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba makosa yake yaligeuka utani: 2665 ilitoa "book" kabla ya "cool", na vijana wa Uingereza wakaanza kusema kitu kizuri ni "book".

Nimekaa na Kiswahili kwenye vitufe hivyohivyo. "Mimi" na "nini" ni 6464. "Kula" na "kuja" ni 5852. "Kama" na "jana" ni 5262. Maana yake "Jana alikuja" na "Kama alikula" ni mibonyezo ileile, mwanzo hadi mwisho. Hayo ni mambo ya kuchekesha. Yasiyochekesha yako kwenye upatanisho wa kisarufi. J, K na L zimekaa kitufe kimoja, kwa hiyo "hiki" na "hili" ni 4454, "kile" na "lile" ni 5453. W, Y na Z nazo zimekaa kitufe kimoja, kwa hiyo "wangu", "yangu" na "zangu" ni namba moja, 92648. "Wake", "wale", "yake", "yale", "zake": zote 9253. Ni kana kwamba mtu alikaa na orodha ya ngeli zetu akachagua herufi zinazozitenganisha, akazifungia chumba kimoja. Hakuna aliyefanya hivyo, bila shaka. Ni alfabeti tu, ikikatwa vipande vitatu vitatu kwa ajili ya majina ya vituo vya simu vya Marekani.

Jambo linaloniumiza ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya lugha. Ukiandika "kitabu" halafu 4454, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayejiuliza kama ni "hiki" au "hili". Neno lililotangulia limeshatoa jibu. "Tunda" lingetoa jingine. Ngeli, ambazo wanafunzi wa kigeni huzilia machozi, zingekuwa ndiyo mashine ya kubashiri. Lakini T9 ya mwanzo ilipima neno moja moja, ikiuliza tu lipi ni la kawaida zaidi, kwa sababu katika Kiingereza hilo lilitosha. Swali "neno lililotangulia ni la ngeli gani?" haliwezi kumjia mtu ambaye lugha yake haina ngeli.

Kisha kuna vitenzi. Kamusi ya T9 ilikuwa orodha ya maneno iliyobanwa kwenye kumbukumbu ndogo ya simu. Chukua mzizi mmoja, -pig-. Nafsi 6, nyakati 4 za kawaida, tayari una maumbo 24. Weka mtendwa, "nilikupiga", "atanipiga", unapita 100. Bado hujasema "pigia", "pigana", "pigwa", wala hujakanusha. Orodha inajaa kabla hujamaliza kupiga. Ndiyo maana katika ujana wa kaka na dada zetu jambo la kwanza la kufanya ukipewa simu mpya lilikuwa kuzima kamusi. Neno lenyewe nalipenda: "Nizimie kamusi." Ilisemwa kama mtu anavyosema nizimie taa. Tukarudi kubonyeza mara nne nne. Na huduma iliyofanikiwa kuliko zote kwenye vitufe vile Afrika Mashariki, M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, iliwataka watu wabonyeze namba tu. Haikumwomba mtu aandike neno hata moja.

Ningeweza kuyachukulia haya yote kama mafumbo ya kujifurahisha, kama isingekuwa babu yangu mzaa baba.

Mwaka 2019 alipigwa na kiharusi, Tanga. Ulimi ulikataa, mkono wa kulia ukakataa, akili ikabaki palepale. Ulijua kwa macho yake, yalikufuata kama zamani alipokuwa akikusubiri umalize kudanganya. Tulipewa karatasi yenye picha: glasi ya maji, sahani, choo, uso uliokunja ndita wa maumivu. Ungemwonyesha picha, angefumba macho kwa ndiyo. Wiki mbili tulimpitisha kwenye picha zile. Maji? Hapana. Chakula? Hapana. Maumivu? Hapana. Kisha anageuzia uso ukutani.

Binamu yangu aliandika A mpaka Z kwenye karatasi ya manila. Ilikuwa bora, lakini ilichosha. Ukienda kwa mpangilio huo, "maji" tu ni hatua 33, na babu alikuwa akisinzia kabla ya neno la pili. Aliyetuokoa ni shangazi, ambaye alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Aliitazama karatasi ya binamu kwa dharau ya kitaaluma. "Nani anasoma hivi?" akauliza. Akachora chati anayoijua: a e i o u, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mstari kwa mstari hadi za ze zi zo zu. Unasoma mistari kwanza kwenda chini, babu anafumba macho kwenye mstari wake, unasoma kwenda kulia, anafumba tena. "Maji" ikashuka hadi 23.

"Baba," shangazi alimwambia, "tuanze. Mstari wa a? Wa ba? Wa cha? Wa da?"

Akafumba.

"Da? De?"

Akafumba. Baada ya muda mfupi tukawa na "ni". Deni.

Alikuwa anadaiwa shilingi 40,000 na mzee mmoja wa soko la samaki, tangu kabla hajaanguka, na hakuna mtu nyumbani aliyejua. Jina la mzee lilichukua alasiri nzima. Baba alikwenda kulipa jioni ileile, na babu akalala usiku kucha, mara ya kwanza tangu arudi nyumbani. Waliochora karatasi ile ya picha walibashiri kwa nia njema mahitaji ya mgonjwa. Mwili wake waliubashiri sawasawa. Hawakumbashiri yeye.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Shangazi aliendelea kurekebisha chati. Alipandisha juu mistari ya ka, ma, na, wa, kwa sababu alichoka kuisubiri. Alikuwa amefanya kazi ya Vail bila kumjua. Akaongeza mstari wa kwa kwe kwi. Akakata kipande cha manila akaandika M peke yake, kwa ajili ya mtu, mti, mlango, mkopo, maneno ambayo M yake inasimama bila irabu na haina mahali kwenye chati ya darasa la kwanza.

Nilipoanza masomo haya ndipo nikagundua kwamba chati ya shangazi ilikuwa imeshawekwa kwenye simu, mbali sana na Tanga. Wajapani wana irabu 5, kama sisi, a i u e o, na silabi zao hupangwa kwa safu: safu ya a, safu ya ka, ya sa, ya ta, na kuendelea hadi 10. Safu 10, vitufe 10. Simu zao zilizoleta intaneti mfukoni, tangu i-mode ya mwaka 1999, ziliweka safu moja kwa kila kitufe: bonyeza mara moja upate "ka", mara mbili "ki", mpaka mara tano "ko". Walichukua vitufe vilevile vya Pennsylvania, wakafuta alfabeti ya kigeni, wakaweka chati ya watoto wao. Watu waliandika riwaya nzima kwa kidole gumba. Mwaka 2007, riwaya 5 kati ya 10 zilizouzwa zaidi Japani zilikuwa zimeanzia kwenye simu za mkononi. Simu za kioo zilipofika, mwaka 2008, hata kuhesabu mibonyezo kuliisha. Unagusa kitufe cha "ka" ukitaka "ka". Ukikitelezesha kushoto ni "ki", juu "ku", kulia "ke", chini "ko". Silabi moja, mwendo mmoja. Na ile N yao isiyo na irabu wameipa nafasi yake, pembeni mwa safu ya wa.

Sisi tuna ba be bi bo bu. Kila aliyekaa kwenye dawati la darasa la kwanza kutoka Lamu hadi Songea ameiimba. Tulikuwa na mfumo wa kuandikia ukutani, umening'inizwa juu ya ubao, tukaenda kuandika kwa mpangilio wa majina ya vituo vya simu.

Ninachojaribu kutengeneza sasa ni hicho: vitufe 12 vya silabi, kwa saa, kwa simu, na kwa wanaotumia macho. Si jambo jepesi kama linavyosikika. Konsonanti zetu ni nyingi kuliko safu za Wajapani. Kuna ch, sh, dh, gh, th, ny, ng'. Kuna mbwa na ng'ombe, ambaye kwenye simu nyingi kibainishi chake kilifichwa mbali hivi kwamba nusu ya nchi ikamwandika ngombe. Nimezikutanisha b na p, d na t, kitufe kimoja kwa jozi, na kuachia neno lililotangulia lisaidie kuamua. Ngeli zinafanya kazi. Ukiandika "kitabu", mfumo hauulizi tena kama unataka "hiki" au "hili".

M imenishinda mpaka sasa. Niliiweka mgusomfupi, na "ma" mgusomrefu. Kwenye majaribio ya kwanza wanafunzi wenzangu walikuwa wanaharakisha, kidole kinateleza juu, na kila "mtu" ikawa "mutu". Niliziorodhesha kama makosa, safu nzima, rangi nyekundu. Mwenzetu mmoja kutoka Bukavu, ambaye naye alikuwa amejaribu, alikuja kuangalia juu ya bega langu.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Makosa. Ulikuwa unataka kuandika mtu."

Alisoma tena. "Lakini hii iko sawa," akasema. "Kwetu tunasemaka mutu."